Nyuzi Nene za Kella

Abalessa, 9 Januari 1986

Kwa Ilyas mla samaki,

Salamu utazipata siku utakapozistahili. Huku sote wazima, mbuzi wazima, na punda wetu mweusi anakuulizia. Tangu uende Oran hana tena wa kuongea naye kwa lugha yake.

Nina shida, na kwa bahati mbaya wewe ndiye wa kuitatua. Dada yangu Tamou anaolewa mwishoni mwa Aprili, kabla ya Ramadhani. Watu wa bwana harusi ni wa Tamanrasset, na wanakuja na vijana wao wa muziki wenye jenereta na spika mbili kubwa kama makabati. Tamou hataki. Anataka kuolewa kwa nyimbo za bibi Dekka, bibi mwenyewe aimbe na mimi nipige gitaa. Unajua vidole vya bibi vimekataa zeze lake la imzad tangu mwaka juzi. Nyimbo alizokuwa akizipiga kwenye ule uzi wake mmoja wa singa za farasi sasa ziko kwenye gitaa langu peke yake. Zikizimwa na jenereta siku ile, mbele ya koo mbili, hakuna atakayeziuliza tena.

Nimekwenda kwa mjomba, yaani baba yako, mtu mwenye akili ambaye sijui alikupataje. Amesema hivi: siku ya kwanza alasiri, wanawake wakipiga ngoma ya kinu kilichowambwa ngozi, na ngamia wakituzunguka, yeye atakwenda kukaa chini ya ule mgunga ulio peke yake ng'ambo ya korongo. Akilisikia gitaa kutoka pale, jenereta haitawashwa harusi nzima. Asipolisikia, vijana wa mjini wapige watakavyo na mimi nikae na wageni nile nyama.

Sikukubali wala sikukataa. Nilimwambia achague jiwe la kukalia.

Kwa hiyo nataka nyuzi. Hizi za nailoni zinanong'ona, ni nzuri kwa mtu anayempigia mgonjwa. Nataka za chuma, nene kuliko zote mlizonazo kwenye karakana ya huyo fundi wako wa magitaa. Mpe Bachir dereva, anapakia Oran kila mwezi. Mwambie asizikalie.

Kella

*

Oran, 27 Januari 1986

Kwa Kella mkama mbuzi, binti wa shangazi yangu mpendwa ambaye hakustahili mzigo huu,

Barua yako ilifika ikinuka siagi, kila mtu karakana akajua kwetu ni wapi.

Hivi wewe na hilo gitaa lako mmeshawahi kuangaliana? Lilitengenezwa kwa ajili ya nailoni. Kifua chake ni chembamba kama mkate wa bahili. Uzi wa chuma unavuta, na ukiwa mnene unavuta zaidi, na nyuzi sita nene zikivuta kwa pamoja zitakibandua kile kibao cha chini kinachozishika na kuondoka nacho hadi Mali. Utabaki na sanduku. Sanduku zuri, utawekea vitunguu.

Nimekutumia pakiti mbili. Moja ni nyembamba, namba kumi. Hizo gitaa lako linaweza kuzivumilia ukilibembeleza. Ya pili ni namba kumi na tatu, nene kama miguu yako. Nimezitia ili usiseme nilikunyima, maana najua ungemtuma Bachir akazitafute kwingine. Funga nyembamba. Ukifunga nene gitaa litavunjika, na harusi utaitazama.

Likivunjika, itabidi nikuoe mimi. Mwanamke mwenye kelele asiye hata na gitaa, nani mwingine atamchukua?

Msalimie bibi. Mwambie samaki ni mtamu.

Ilyas

*

Abalessa, 10 Februari 1986

Kwa Ilyas, ngamia mwenye upele,

Nyuzi zimefika. Bachir alizikalia, lakini ni nzima.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya wanawake wote waliokuja kumsuka bibi. Tulipofika kwenye kibao kilichokimbilia Mali, Tamou alimwaga chai. Bibi amesema wewe ndiye mtani bora kuliko babu yako, na babu yako aliwahi kumshawishi mkwe wake kwamba jabali limezaa. Amecheka mpaka akakohoa. Hongera, kwa mara ya kwanza umefaa kitu.

Uzi mwembamba nimeutoa na kuuangalia. Huu ni wa kushonea vifungo. Na wewe unataka nipigane nao na ngoma ya kinu, makofi ya wanawake arobaini na miguu ya ngamia? Nimecheka tena, peke yangu. Hizi nene ukizishika tu mkononi unajua zina neno la kusema.

Kesho asubuhi nazifunga. Utalisikia mwenyewe huko huko kwa wala samaki.

Kella

*

Abalessa, 16 Februari 1986

Kwa Ilyas,

Natumaini hujambo na upele umepungua.

Nina swali dogo, si langu. Kuna jirani yetu, humjui, alihamia karibuni. Naye ana gitaa. Anauliza: kama kile kibao cha chini kingebanduka, tuseme kibanduke chote na ganda la mbao juu yake, kingebandikwaje? Na je, gitaa hilo lingeweza kupiga tena kabla ya mwisho wa Aprili? Yeye ndiye anauliza habari za Aprili, mimi sijui kwa nini.

Mimi niko sawa. Jibu upesi, jirani ana wasiwasi mwingi.

Kella

*

Oran, 3 Machi 1986

Kwa Kella na jirani yake,

Nimecheka hadi fundi Benaouda akazima mashine kuuliza kuna nini. Wewe ni hatari. Nilikutisha kwa kibao, nawe unanirudishia kibao kilekile na jirani juu yake. Nakupa heshima yako.

Mwambie jirani dawa ni rahisi. Aponde tende na maziwa ya ngamia, apake palipobanduka, kisha amwite mbuzi alambe mpaka kikauke. Akishindwa, aache muziki afuge kuku. Hata huko Abalessa sasa watu wajifunze kula kuku.

Na wewe najua umefunga nyembamba kama nilivyokwambia, una akili zaidi ya unavyojionyesha. Kidogo.

Ahadi ya kukuoa bado ipo, ila sasa naongeza sharti: uje na jirani, atupikie.

Ilyas

*

Abalessa, 14 Machi 1986

Kwa Ilyas ag Ouksem,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema.

Barua yako ya tarehe tatu nimeipokea. Nashukuru kwa nyuzi ulizotuma. Jirani hayupo. Kibao cha gitaa langu kilibanduka asubuhi ileile nilipofunga nyuzi nene, kabla sijamaliza kukaza uzi wa mwisho. Nilikuuliza kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumuuliza.

Tamou hajaambiwa. Bibi anafanya mazoezi ya sauti kila siku baada ya chai ya asubuhi.

Usitume kitu kingine. Wasalimu wote karakana.

Kella ult Hamma

*

Oran, 23 Machi 1986

Kella,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa juu ya shingo ya gitaa la mteja. Nilikuwa natafuta tusi. Nimeigeuza karatasi nyuma nikitafuta tusi. Hujawahi kuniandikia "afya njema" tangu ujue kuandika. Hapo ndipo nilipojua umeumia, na nimeona aibu ambayo siwezi kuielezea.

Naomba unisikilize. Nilipokwambia gitaa litavunjika nilikuwa nasema kweli tupu. Lakini nilisema vipi? Kwa vitunguu na Mali. Na wewe uliponiuliza kweli, ulikuja na jirani. Sisi ni mtoto wa kaka na mtoto wa dada, tulizaliwa watani. Hakuna aliyewahi kutufundisha namna ya kuambiana jambo la kweli. Nyumbani haikuwa shida, tulionana usoni. Kwenye karatasi hakuna uso.

Basi nimefikiri hivi. Unaijua chapa ya ngamia wa bibi Dekka, fimbo mbili na duara katikati. Hakuna mtu wa kwetu atakayeiweka chapa hiyo kwenye kitu kisicho cha bibi, hata akilewa, hata akilazimishwa. Kuanzia leo neno la kweli tutaliwekea chapa ya bibi chini yake. Lisilo na chapa ni utani, ucheke. Lenye chapa, uliamini hata kama limezungukwa na matusi.

Gitaa linapona.
|O|

Mpelekee Oumouda mhunzi. Anaunga matandiko ya ngamia yanayobeba watu wazima, kibao hakimshindi. Achemshe gundi ya ngozi, asitumie ile ya kopo ya dukani. Akwangue gundi ya zamani yote hadi mbao safi. Akibandike, akibane kwa vigingi na kamba, na asikiguse hadi kikauke kabisa, kwa hewa ya kwenu haitachukua muda. Kisha funga zile nyembamba.
|O|

Nisamehe.
|O|

Ilyas

*

Abalessa, 5 Aprili 1986

Kwa Ilyas mkalia magitaa ya watu,

Nimekusamehe kidogo. Sitaiweka chapa hapo, nitaona utakavyojiheshimu.

Oumouda amekiunga. Alikuja na maneno yake kama kawaida, unamjua, midomo ya yule mtu ndiyo inayompa kazi ya kupeleka posa za watu, wala si nyundo. Aliliangalia gitaa akasema hili limepigwa teke na mume gani? Nikamwambia sina mume. Akasema basi ndiyo maana. Lakini mkono wake ni mzuri. Gundi ilinuka nyumba nzima, Tamou akataka kujua, ikabidi nimwambie. Hakulia. Alishika upande mmoja wa kamba akavuta na sisi.

Nyembamba nimezifunga kama ulivyosema. Kibao kimeshika.
|O|

Lakini sauti ni ya mbu aliye kwenye debe. Nimemweka Tamou chini ya ule mgunga na kumpigia. Amerudi akasema alikuwa anasikia vizuri sana, alisikia mbuzi.

Najua unataka kusema kwamba afadhali mbu mzima kuliko simba aliyevunjika. Usiseme. Nimekwenda kwa bibi. Nilimpigia naye akaimba, akasimama katikati ya wimbo, akaniuliza kwa nini namtafutia sauti yake juu ya paa. Akanieleza jambo ambalo nimekaa naye miaka yote bila kulisikia. Anasema imzad haikazwi mpaka mwisho. Unamsikiliza kwanza anayeimba, unaukaza uzi mpaka umfikie alipo, hapo hapo unaacha. Na ni uzi mnene, singa nyingi kwa pamoja, uliolegezwa. Kumbe unene na kukaza ni mambo mawili.

Sasa nisikilize wewe mtu wa karakana. Kwenye nyimbo za bibi kidole gumba kinagonga nyuzi za chini, zenye sauti nzito, bila kupumzika, na vidole vingine vinachezacheza juu. Je, nikifunga nene upande wa chini tu, na nyembamba upande wa juu, halafu nikazilegeza zote mpaka zifike ilipo sauti ya bibi? Nimejaribu uzi mmoja mnene, wa chini kabisa, kwa mashaka. Kifua cha gitaa kimetetemeka mpaka nikakisikia mbavuni.

Kibao kitavumilia? Nijibu kwa chapa. Nikikosea mara ya pili hakuna muda wa gundi. Nimeshaamua kupiga, ninachotaka kujua ni kwa nyuzi zipi.
|O|

Kella

*

Oran, 13 Aprili 1986

Kella,

Bachir anaondoka sasa hivi na injini inawaka, naandika juu ya goti.

Tumejaribu hapa kwenye gitaa kuukuu la nailoni, jepesi kama lako. Tatu nene chini, tatu nyembamba juu, zote zimelegezwa. Tuliliacha siku mbili juani juu ya paa. Kibao hakijasogea. Fundi Benaouda alilipiga mara moja akaniuliza nani kakufundisha hili, nikamwambia bibi mmoja asiyejua gitaa lina matundu mangapi.
|O|

Usikaze hata kidogo kupita alipo bibi. Watakuambia kaza, lisikike. Usikaze.
|O|

Ruhusa ya kuja nimeomba, nimenyimwa. Nitakuwa hapa nanusa samaki siku hiyo.
|O|

Ukishindwa, kumbuka nimeahidi kukuoa. Huo ni utani, unaona hauna chapa.

Ilyas

*

Abalessa, 2 Mei 1986

Kwa Ilyas, mwana wa mjomba, mla samaki, mkalia magitaa, mtu aliyekosa harusi bora kuliko zote,

Kaa mahali ambapo si juu ya gitaa, nikusimulie.

Siku ile upepo ulivuma kutoka kwetu kwenda kwenye korongo mpaka saa sita, nikamshukuru Mungu. Baada ya saa sita ukageuka. Vijana wa Tamanrasset walikuwa wameshateremsha jenereta yao na kuiweka kwenye kivuli, na mmoja ameshika kamba ya kuwashia, anaizungusha kidoleni. Walinisalimu vizuri. Yule wa kamba akaniuliza kama nataka waniunganishe na spika nisiumie vidole. Nikamwambia vidole vyangu vinakama mbuzi ishirini, aniache.

Mjomba akajifunga kilemba, akachukua birika lake la chai, akavuka korongo. Nilimwangalia hadi akakaa. Kutoka kwetu alikuwa mdogo, huwezi kujua kama anakutazama au amelala.

Wanawake wakaanza kinu, halafu makofi. Ngamia wakaanza kuzunguka na vumbi likapanda, sikumwona tena mjomba wala mgunga wenyewe. Nikapiga. Wimbo wa kwanza nilijisikia mwenyewe kwa shida, na shangazi zako wakaanza kunipigia kelele, kaza, Kella, kaza nyuzi hizo! Tamou akanitazama kwenye upenyo wa nguo yake ya kichwani. Mkono wangu ulikwenda kwenye kigingi cha kukazia nyuzi. Ilyas, nakuambia, ulifika pale. Nikaurudisha.

Sikukaza.
|O|

Badala yake nikamgeukia bibi, nikampa mgongo mjomba na wengine wote. Nikampigia yeye tu. Bibi alikuwa anaimba amefumba macho, na kwenye wimbo wa pili zile nyuzi tatu za chini zikamkuta alipo. Sijui kukueleza. Sauti yake na gumba langu vikawa kitu kimoja na kinu. Wanawake wa kinu wenyewe walisikia, wakashusha mkono kidogo bila kuambiwa. Ngamia mmoja wa watu wa bwana harusi alisimama, akagoma kuzunguka, na mwenyewe juu yake akaacha kumpiga.

Tulipiga mpaka jua likawa jekundu. Kibao kilishika. Nilikuwa nakishika mara kwa mara na kiganja, kama unavyomshika mtoto paji la uso.

Halafu mjomba akarudi. Anatembea polepole yule mzee, unamjua, anaweza kukuua kwa mwendo tu. Akapita katikati ya watu wote. Akaenda mpaka kwa yule kijana, akanyoosha mkono, akapokea ile kamba ya jenereta, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Kijana akasema, mzee, tutaomba uturudishie. Mjomba akasema, kesho kutwa, mkiondoka.

Kisha akaja kwangu akasimama. Akasema: "Wimbo wa tatu, mwishoni, ulikosea mahali."

Nilikosea kweli. Kidole kidogo kiliteleza, nikadhani sijasikiwa na mtu.

Shangazi zako walipiga vigelegele nusu saa. Bibi alilala mapema akiwa anatabasamu, na asubuhi sauti imemkauka, anaongea kwa mikono. Siku tatu jenereta ilikaa kivulini, kuku wa jirani akataga juu yake. Ndiyo, jirani yupo. Amehamia wiki iliyopita na anafuga kuku, sikutunga.
|O|

Yule wa kamba alikuja siku ya mwisho na gitaa lake, akaniomba nimwonyeshe zipi nene na zipi nyembamba. Nikamwonyesha. Nikamwambia aanze kwa kumsikiliza bibi yake, akasema bibi yake alikufa. Akauliza kama anaweza kumsikiliza wa kwangu. Atakuja tena baada ya mfungo.

Kilichobaki ni lile neno lako la kunioa, la karibu kila barua. Nimelifikiria wakati naosha vyombo vya harusi, na vilikuwa vingi. Wanawake wa Oran wamekukataa wote, hilo halihitaji chapa. Wewe ni ngamia mwenye upele, unanuka samaki, na hujui kufungua mdomo bila mzaha. Basi mwandikie Oumouda aje kwa mama yangu na ile midomo yake, kabla sijapata mwenye akili zaidi. Na ukija lete nyuzi, zote mbili, nene na nyembamba.

|O|

Kella